Mwaka Tulioomba Mavi ya Ng'ombe Kalembe

Vijana wangu, msinione niko Kirotshe mkadhani nimetulia. Nilipoacha kazi, binti yangu aliniwekea kiti kwenye baraza akasema, "Mama, sasa kaa, angalia ziwa." Niliangalia ziwa asubuhi moja. Ziwa ni zuri, lakini halina la kuniuliza. Jua halijawa kali nilikuwa nimeshaazima jembe la jirani, nachimba nyuma ya jiko lake nione udongo wake unashika maji ao hapana. Jirani akatoka mbio.

"Mama Esperansi, unatafuta nini kule?"

"Unyevu," nikamjibu.

Akaenda kumwambia binti yangu kwamba nimeanza kuzeeka vibaya.

Mwaka huu tena mvua inachelewa. Kila siku mawingu yanajikusanya juu ya vilima vya Masisi, yanavimba, halafu yanapita bila kuteremsha kitu. Siwezi kulala mchana, siwezi kushona, na kila anayepita kutoka Sake namuuliza kama huko juu kumenyesha. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mashambani. Mikono yangu haina la kufanya, na ninyi mnayo mengi.

Kazi yangu ilikuwa moniteri wa kilimo: mtu anayepanda vilima kwenda kwa wakulima, akalima nao, akaona nao. Miaka ya mwisho nilitiwa katika kazi moja ya ajabu. Wataalamu walitaka kujua jua kali linafanya nini kwa viumbe wanaoishi ndani ya udongo, hawa wadogo ambao jicho haliwaoni, tunaowaita mikrobe. Tena walitaka kujua kama vitu vilivyooza, mavi ya ng'ombe, majani, mabua, vinaweza kuwasaidia viumbe hao wavuke kiangazi. Mimi nilitakiwa kuchota udongo Kalembe na kuufikisha labo, maabara ya Goma, ukiwa hai. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa nimelima udongo maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniagiza niufikishe hai.

Aliyenifundisha ni Papa Muhindo, mtu wa labo. Alikuwa mtu wa Butembo, wa ukoo wa maduka na malori. Ndugu zake wote walikuwa wafanyabiashara. Yeye peke yake alichagua chupa. Alikuwa mwembamba, mkali, na vidole vyake havikutulia hata akiwa anasali. Siku ya kwanza aliniona nikichota udongo kwenye shamba lenye mbolea, kisha nikaingiza koleo lile lile kwenye shamba kavu. Akanishika mkono.

"Weye Mama, unapeleka wageni mu kilio?"

Wageni ni mikrobe wa shamba lenye mbolea, kilio ni shamba lililokauka. Tangu siku hiyo napangusa koleo kwa pombe kali kila ninapohama, nangoja likauke, ndipo nachota. Shikeni hilo. Tena msichote mahali pamoja. Tembeeni shambani kama mlevi anayerudi nyumbani, huku kidogo, kule kidogo, mchanganye. Msichote njiani, wala pale ng'ombe alipolala, wala palipochomwa takataka. Na mfuko msiufunge kama mnaficha nyama. Acheni hewa. Viumbe hao wanapumua kama ninyi.

Sasa niwaeleze mwaka wenyewe.

Shamba letu la majaribio lilikuwa la Mama Vumilia. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuvuka bonde. Shamba lake liko kwenye mteremko hapo Kalembe, pale ambapo malisho ya Masisi yanakwisha na msitu wa Walikale unaanza kuonekana kwa mbali. Alikuwa ametupa sehemu ya shamba tuigawe mara mbili: upande mmoja udongo mtupu kama wenzake walivyolima, upande wa pili udongo uliotiwa komposti iliyoiva, mbolea ya vitu vilivyooza. Kila upande tulipanda maharagi na mahindi. Tena Papa Muhindo alifukia vipande vya kitambaa cha pamba pande zote mbili, akaviwekea vijiti. Pamba ni chakula cha mikrobe. Udongo wenye uhai unakila kitambaa. Udongo uliolala unakiacha.

Mama Vumilia hakutupa shamba kwa kupenda elimu. Shamba lilikuwa la marehemu mume wake, na shemeji yake, Papa Damasi, alikuwa amemtangazia mbele ya watu wa familia: msimu huu ukikufa kama uliopita, shamba linakodishwa kwa tajiri mmoja wa mjini mwenye ng'ombe, liwe malisho, na yeye mjane arudi kwao. Wakati huo wote mimi nilikuwa nafikiria chupa za Goma. Yeye alikuwa anafikiria mahali watoto wake watalala.

Mvua ikaanza vizuri, maharagi yakatoka, halafu ikakatika. Kabisa. Udongo ukapasuka mpaka ungeweza kuingiza vidole. Kijito cha bondeni kikawa kamba ya maji. Kila nikifika Mama Vumilia ananikamata mkono ananipeleka upande mtupu.

"Angalia. Hii udongo imekufa."

"Haiyakufa. Inalala tu."

"Mutu analala, unamuita, anaamuka. Miye naita hii kila asubui."

Msidanganyike na neno kulala, vijana; nilikuwa namtuliza. Papa Muhindo alinieleza ukweli tukiwa tunashuka kilima. Ndani ya udongo kila chembe ina utando wa maji, mwembamba kupita kiasi, na humo ndimo mikrobe wanamosafiria kutafuta chakula. Jua likikausha utando huo, wengi wanakufa njaa chakula kikiwa hapo hapo jirani, kwa sababu njia imekatika. Wengine wanajikunja kama mbegu na kungoja. Wale wa aina ya ukungu, wenye nyuzi ndefu, wanavumilia zaidi, kwa kuwa uzi unavuka mahali pakavu kama daraja.

"Na komposti inasaidia namna gani?" nikamuuliza.

"Inashika maji kama sifongo, tena inaweka chakula karibu. Mutu wa njaa hapashwi kutembea mbali."

Tatizo ni kwamba komposti yetu ilikuwa kidogo. Ilitosha kuanzisha, haikutosha kufunika upande wote vizuri, na lundo jipya lilihitaji mavi. Mama Vumilia alikuwa na mbuzi mmoja tu. Ng'ombe walikuwa juu, kwenye malisho, wakichungwa na mtu aitwaye Papa Zakaria. Hao ng'ombe hawakuwa wake, walikuwa wa yule tajiri wa mjini. Mnaona mambo yalivyo: shamba la Mama Vumilia likishindwa, litakuwa malisho ya ng'ombe anaowachunga Zakaria.

Kabla hata sijaenda kumwomba, ng'ombe walinitangulia. Maji yaliisha kule juu, wakanusa kijito, wakashuka. Walipita katikati ya shamba la Mama Vumilia na kula maharagi ya upande wenye komposti, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa bado mabichi. Nilimkuta amekaa chini, ameshika shina moja lililotafunwa. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa.

"Yule muchungaji alitumwa," akasema. "Banataka niondoke, njo banatuma ngombe."

Nikapanda kwa Papa Zakaria nikiwa na hasira kama ya Mama Vumilia. Nilimkuta amepiga magoti kando ya ndama, anamnywesha maji kwa kiganja. Ndama hakunywa. Mbavu zake zilihesabika. Karibu na zizi palikuwa na mizoga miwili imefunikwa majani. Hasira yangu haikupata mahali pa kusimama.

"Miye sikutuma ngombe," akasema hata kabla sijafungua mdomo. "Ngombe ikisikia harufu ya maji, hata uko na fimbo ya chuma haisimame. Na bwana wao ananiuliza kila siku kwa telefone: mbona zinakufa? Nijibu nini, Mama? Niseme nimezikula?"

Nyuma ya zizi kulikuwa na lundo la mavi, kubwa kama nyumba. Alikuwa anayasukuma korongoni kila mvua ikija, yaende na maji. Nikamwambia tunayahitaji. Akashangaa, halafu akaniangalia kwa macho ya mtu anayepima.

"Na Mama Vumilia iko na mabua ya mahindi?"

Alikuwa nayo. Mahindi yake mengi yalikuwa yamekauka kabla ya kuzaa, mabua tu. Zakaria alihitaji kitu chochote cha kuwatilia ng'ombe tumboni. Nikashuka mbio, nikijua kwamba jambo ninalokwenda kusema litanifukuzisha.

"Ngombe zake zilikula maharagi," Mama Vumilia akapaza sauti, na nina hakika Zakaria aliisikia kule juu, "sasa anataka na mabua? Akule na nyumba basi!"

Papa Muhindo naye hakufurahi. Mabua tulikuwa tunataka tuyatandaze shambani, yafunike udongo usichomwe na jua. Wakabishana, yule mjane na yule mtu wa labo, kila mmoja kwa sababu yake, wote dhidi yangu. Mwisho Papa Muhindo mwenyewe ndiye aliyelegea. Alichukua bua, akalivunja, akalitazama.

"Bua kavu tupu si zuri kuchanganya mu udongo," akasema polepole. "Mikrobe zitalikula, na ili zilikule zitakamata chakula ya maharagi. Maharagi itakuwa manjano. Lakini bua lililopita mu tumbo ya ngombe, ao lililolaliwa na kukojolewa, ile ni kitu ingine. Tugawe. Ingine ifunike udongo, ingine iende kwa ngombe, na irudie hapa."

Mama Vumilia akatazama juu, kwenye zizi. Alikuwa mwanamke wa hesabu za kichwani, lakini hapa kilichouma ni heshima, si hesabu.

"Sawa," akasema. "Lakini mavi asiache kule juu niyafuate. Ayalete yeye, mu mugongo yake."

Nilipomfikishia Zakaria sharti hilo nilitegemea atatema mate. Mchungaji hapa kwetu hatembei na mzigo. Anatembea na fimbo. Akavuta pumzi, akaangalia ndama wake.

"Kitunga iko wapi?"

Akashuka, akapanda, akashuka tena. Kitunga mgongoni, kile kikapu kikubwa, kamba kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyobeba makaa. Kijiji kizima kilitoka. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mtu mmoja akamuuliza ng'ombe wamemfukuza lini. Zakaria aliinama akaendelea kushuka, jasho na mavi vikimtiririka shingoni. Mama Vumilia alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akihesabu kila kitunga kwa macho. Nikaona kitu usoni mwake kikibadilika mahali fulani kati ya kwenda na kurudi. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, maji yale ambayo alikuwa anayapima kama dawa, akampa mbele ya watu wote. Kicheko kikaisha. Zakaria akanywa, akamrudishia kikombe kwa mikono miwili.

Tangu hapo walijenga lundo pamoja, mimi nikiwaelekeza. Chini mabua yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, yale ya maua ya njano yanayoota kando ya kila njia, kisha mavi, kisha udongo kidogo wa juu, majivu ya kunyunyiza, na unarudia. Unachomeka fimbo katikati. Ukiichomoa ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa ya baridi na kavu, tia maji, hata yale ya kunawia mikono. Unafunika kwa majani ya migomba. Msitie mavi mabichi moja kwa moja kwenye mimea, hasa wakati wa ukame. Jirani wa Mama Vumilia alifanya hivyo, miche ikaungua kama imemwagiwa maji ya moto. Mama Vumilia alikuwa mkali juu ya tabaka. Zakaria alipenda kumwaga mavi tu.

"Majani! Weka majani!" alikuwa anamfokea. "Hii haiko zizi!"

Tukiwa bado katika ukame, ulifika wakati wa kupeleka udongo Goma. Tulichota, tukaweka mifuko kwenye glasiere, lile sanduku la baridi, yenye barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, tukapanda pikipiki, mimi na Papa Muhindo tukiwa tumembana dereva. Tulikuwa hatujafika mbali barieri, kizuizi cha barabarani, ikatusimamisha.

"Fungua. Iko nini?"

"Udongo," nikasema.

"Udongo? Munabeba udongo mupaka Goma? Kule udongo hakuna?"

"Kule iko mawe ya volkano tu, kaka. Unajua mwenyewe."

Kijana aliyetuuliza alicheka kidogo, halafu akaacha. Machoni pake mtu anayetoka upande wa Walikale na mifuko midogo ya udongo, kila mmoja na alama yake, hawezi kuwa mkulima. Ni mtu wa madini. Wakaenda kumwita mkubwa wao. Mkubwa akaagiza aitwe mtu anayejua mawe, tukamngoja. Glasiere ikawekwa wazi juani, mifuko ikatolewa mmoja mmoja, ikapangwa juu ya karatasi ya bati. Papa Muhindo alikuwa anazunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Tafazali, muweke mu kivuli! Vinakufa!"

"Nani anakufa?" mkubwa akauliza, kidole kikiwa ndani ya mfuko.

"Mikrobe!"

Kidole kikatoka haraka. "Mikrobe? Munabeba magonjwa?"

Hapo ndipo tulipopewa ruhusa, tena kwa kusukumwa. Hakuna aliyetaka hata kutusogelea. Lakini jua lilikuwa limeshapika udongo wetu mchana wote. Dereva alicheka njia nzima. Mimi pia nilitaka kucheka, mpaka nilipomwona Papa Muhindo akiukunja mfuko mmoja mkononi, anaunusa, anauweka chini.

"Jua ya bati haiko ukame," akasema. "Hii haiwezi kutuambia kitu. Turudie."

Tukageuza. Nawaambia ukweli, nilitaka kwenda nyumbani. Miguu iliniuma, na kila siku maneno ya njiani yalikuwa mabaya zaidi: huku watu wanakimbia vita, kule wamefunga barabara. Mtu anafanya kazi ya mikrobe huku sikio lake liko kwenye kilima cha pili. Lakini Papa Muhindo alikuwa ameshasema turudie, na Mama Vumilia alikuwa anangoja.

Siku iliyofuata, tukiwa tunachota upya, upepo ukabadilika. Ng'ombe kule juu wakalia. Halafu matone, makubwa, yakipiga vumbi na kuruka. Watu walikimbilia ndani. Papa Muhindo alikimbilia katikati ya shamba, mikono imejaa mifuko.

"Harufu! Munasikia harufu?" alikuwa anapiga kelele. "Hao njo benyewe! Chota, Mama, chota!"

Harufu ya mvua ya kwanza mnaijua, na wanaoitoa ni hao mikrobe. Wengi mnafumba macho na kuivuta. Fumbeni macho siku nyingine. Siku hiyo choteni, maana viumbe wa udongo wanaamka pale pale, na mambo yao yanakwenda upesi.

Barabara ilikuwa haipitiki tena, kwa matope na kwa mambo mengine, hivyo Papa Muhindo akafanya labo kwenye meza ya Mama Vumilia. Alitia udongo wa kila upande katika chupa ya mdomo mpana, akaning'iniza ndani kikombe kidogo chenye maji ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, akafunga kabisa. Pumzi ya udongo inanaswa na ile soda. Baadaye unaitoa, unatia dawa inayoifanya iwe na rangi ya waridi, unadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ipotee. Rangi ikipotea upesi, udongo umepumua sana. Watoto waligombania kuangalia.

Chupa za kwanza zilinishtua. Udongo mtupu ulipumua kwa nguvu kuliko tulivyodhani. Mama Vumilia akapiga makofi.

"Si munaona? Na hii iko muzima! Nililia bure."

Papa Muhindo hakupiga makofi. "Ngoja," akasema.

Tukangoja. Chupa baada ya chupa, upande mtupu ukapungua, ukapungua, mpaka rangi ya waridi ikakataa kuondoka. Wale waliobaki hai waliamshwa na maji, wakala wenzao waliokufa na makombo yaliyokuwepo, wakamaliza. Baada ya karamu, njaa. Upande wa komposti haukupiga kelele nyingi mwanzoni, lakini uliendelea kupumua siku kwa siku, sawasawa, kama mtu anayepanda kilima akijua kwamba ni kirefu. Mama Vumilia alitazama chupa zile mbili.

"Ile ya kwanza ni kama harusi ya deni," akasema. "Munakula siku moja, kesho munaangaliana."

Papa Damasi alifika maharagi yaliyosalia yakiwa yanatoa maua. Shemeji huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na shamba moja la kufikiria. Alisimama kwenye mpaka, akaona upande mtupu una mashina machache ya manjano, akaona upande wa pili maharagi yaliyoliwa na ng'ombe yametoa machipukizi mapya, yanafunika udongo.

"Uliyatilia dawa?" akauliza.

"Nilitia mavi," Mama Vumilia akajibu.

Papa Muhindo alikwenda kwenye kijiti cha upande mtupu, akachimba, akatoa kitambaa. Kilikuwa kichafu lakini kizima. Ungeweza kukifua na kukishona. Akaenda upande wa pili, akachimba, akatoa pindo na nyuzi chache. Akamwekea Papa Damasi mkononi. Papa Damasi akazigeuza zile nyuzi, akaangalia chini ya miguu yake, akapiga hatua moja nyuma kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

"Nani alikula hii?"

"Wafanyakazi wa shemeji yako," nikasema.

Hakucheka. Aliinama, akachota udongo, akaubana kwenye ngumi. Ulishikamana. Akaufungua, akaubana tena. Kisha akamwambia Mama Vumilia, bila kumtazama, "Lima. Nitamwambia yule tajiri atafute pahali pengine."

Mama Vumilia hakumshukuru pale. Aliondoka, akaenda nyuma ya nyumba. Niliposogea nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka. Nilisimama karibu mpaka alipomaliza.

Ningependa kuwaambia kwamba alivuna, akapanda tena, na hayo ndiyo yote. Alivuna, ndiyo. Lakini kabla ya msimu mwingine milio ya risasi ikakaribia, na Kalembe ikahama mchana mmoja. Mama Vumilia aliteremka na watoto mpaka Shasha, huku ziwani karibu nami, akawa anauza samaki wadogo kando ya barabara. Alikuwa anakuja kwangu hapa Kirotshe kila alipoweza, na hakukaa. Alizunguka nyumba yangu, akagusa migomba, akauliza nani ametoka juu, nani anarudi juu. Tulikuwa wawili wasioweza kukaa. Binti yangu alisema tunamchosha kwa macho tu. Papa Muhindo alirudi Butembo kwa ndugu zake wa malori. Aliniambia kwa simu kwamba anauza misumari, na kwamba misumari haipumui.

Siku njia ilipofunguka Mama Vumilia hakuniuliza kama naweza kupanda. Alikuja na kitunga tu, akasema, "Twende." Tukaenda. Nyumba yake ilikuwa imevuliwa mabati. Shambani palikuwa na magugu mpaka kiunoni. Akalipita gugu kama halipo, akaelekea mahali pa lundo, nami nikimfuata, nikitafuta maneno ya kumwambia atakapokuta patupu.

Lundo lilikuwepo, tena kubwa kuliko tulivyoliacha, limefunikwa kwa majani ya migomba mapya, yaliyobadilishwa hivi karibuni, yakabanwa kwa mawe yasipeperuke. Fimbo ilikuwa imechomekwa katikati. Mama Vumilia akaichomoa, akaishika, akanipa. Ilikuwa ya moto.

Jirani aliyebaki alitueleza. Papa Zakaria alikuwa anashusha mavi kila alipopata nafasi, wakati kijiji kiko karibu kitupu, peke yake, mgongoni. Hakuna aliyemwagiza. Kisha siku chache zilizopita ng'ombe walichukuliwa, baadhi na mwenye nao, baadhi na watu wengine, na Zakaria akaondoka. Wengine walimwona upande wa Walikale, wengine walisema amekwenda Masisi. Hakuaga.

Mama Vumilia alifunua lundo. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi, akaivunja, akainusa. Akatazama tabaka kwenye ubavu wa lundo, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayesahihisha. Midomo ilianza kumcheza.

"Angalia," akasema. "Mavi mingi, majani kidogo. Muchungaji ni muchungaji tu."

Akajifuta uso kwa mkono ule ule mchafu. Akavuta jembe.

"Siku atarudia nitamuonesha tena vizuri," akasema, na akaanza kuligeuza lundo. "Weye Mama Esperansi, usisimame pale. Leta majani."